Elimu ni Bure, Mlinzi Je?

“Si walisema elimu ni bure? Sasa hela ya mlinzi ni ya nini?”

Swali hilo huwatoka wazazi kila shule zinapofunguliwa, wengine kwa hasira, wengine kwa kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea. Ukilisikia Kigoma utadhani ni la Kigoma. Lakini ukilivuka Ziwa Tanganyika na kushika njia ya kusini-magharibi hadi Ziwa Mweru, utalikuta Kashikishi, kwenye soko la samaki la Wilaya ya Nchelenge, nchini Zambia. Mama anayeanika chisense, yaani dagaa wa ziwa lile, analiuliza kwa Kibemba. Jirani yake aliyevuka maji kutoka Kongo analirudia kwa Kiswahili.

Ndani ya swali hilo moja kuna mengine matatu. Fedha ya elimu hugawanywaje? Usalama wa mtoto hulipiwa na nani? Na zile tabia za wanafunzi ambazo kila mtu mzima huzilalamikia zinahusianaje na hayo mawili? Nchelenge ni mahali pazuri pa kuyatazama yote kwa pamoja, kwa kuwa ufukwe wake una kila kinachoisumbua shule ya pembezoni: visiwa, mpaka, wakimbizi, malaria na msimu wa samaki.

Januari bila samaki

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika maziwa na mito yake mingi, Mweru likiwamo, ili samaki wapate kuzaliana. Bila mapumziko hayo ziwa lingeishiwa samaki. Tatizo ni kalenda. Mwaka wa masomo wa Zambia huanza Januari, kwa hiyo mwezi ambao mzazi anatakiwa kununua sare, viatu na madaftari ndio mwezi ambao nyavu zimekunjwa.

Mtoto akichelewa kuripoti kwa sababu hana viatu, daftari la mahudhurio haliandiki “hana viatu”. Linaandika kwamba hayupo. Ziwa likifunguliwa Machi, mvulana ambaye tayari amebaki nyuma kwa majuma kadhaa anaitwa dagoni, kwenye kambi ya wavuvi, akasaidie kuvuta nyavu na kuanika. Kufika katikati ya mwaka ana jina jipya shuleni: mtoro.

Neno hilo limebeba lawama yote, na lawama imemwangukia mtoto. Hakuna aliyetazama kwamba ada, samaki na kengele ya shule vilipangwa na ofisi tofauti ambazo hazikukaa meza moja.

“Bure” maana yake nini?

Zambia iliondoa ada ya darasa la 1 hadi la 7 mwaka 2002. Hatua kubwa zaidi ilitangazwa tarehe 29 Oktoba 2021, Waziri wa Fedha Situmbeko Musokotwane alipowasilisha bajeti ya 2022: kuanzia mwaka huo shule za umma zisitoze ada, wala michango ya chama cha wazazi na walimu, kuanzia elimu ya awali hadi darasa la 12, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa la mwisho wa sekondari. Watoto wakafurika. Mwaka huohuo serikali iliajiri walimu 30,496.

Badala ya ada, shule inapata fedha kupitia njia kuu tatu, na ni vizuri kuzitenganisha.

- Mishahara. Hii ndiyo sehemu kubwa ya bajeti ya elimu, Zambia kama ilivyo Tanzania na Kenya. Inatoka hazina kwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Shule haiigusi.
- Ruzuku ya uendeshaji. Ni fedha ambayo serikali huipelekea shule ili inunue chaki, itengeneze bomba, izibe paa. Ndiyo iliyochukua nafasi ya ada.
- Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Ni fungu ambalo kila jimbo la uchaguzi hupewa kwa miradi yake. Zambia ililipandisha kutoka kwacha milioni 1.6 kwa jimbo hadi milioni 25.7 mwaka 2022, kisha milioni 28.3 mwaka 2023, milioni 30.6 mwaka 2024 na milioni 36.1 mwaka 2025. Kutoka humo hujengwa madarasa, hununuliwa madawati, na hulipiwa gharama za bweni kwa wanafunzi wa sekondari wasio na uwezo.

Sasa tafuta humo mlinzi wa usiku. Tafuta mlezi wa bweni, yaani mtu mzima anayelala karibu na watoto na kujua nani anaumwa na nani hajarudi. Tafuta mshauri nasaha wa kukaa na kijana aliyeanza kunywa pombe. Mshahara wa mwalimu hauwahusu. Mfuko wa jimbo unapenda kitu cha kuzinduliwa, chenye kuta na utepe wa kukata. Inabaki ruzuku ya uendeshaji, ambayo tayari ina foleni ndefu ya mabomba na mapaa. Hapo ndipo mwalimu mkuu anapowageukia wazazi, na lile swali la sokoni linapoanza.

Kwa ufupi: Elimu bure imeondoa ada mlangoni. Haikuweka fungu la watu wanaomlinda mtoto akishaingia.

Hesabu ya vichwa na hesabu ya maili

Nchi nyingi hugawa ruzuku kwa kuhesabu vichwa: shule yenye wanafunzi wengi hupata nyingi. Ni kanuni rahisi, na kwa mtazamo wa kwanza inaonekana ya haki. Tanzania ni mfano mzuri. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, kiwango cha shule ya msingi kimekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huenda shuleni.

Chukua shule ya mjini yenye wanafunzi 600. Inapata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini mlinzi anaweza kupatikana humo. Sasa chukua shule ya kisiwani yenye wanafunzi 60. Inapata 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi, na hiyo ndiyo hela ya kila kitu. Geti la shule hii ni moja, kama la ile ya mjini. Usiku wake una saa zilezile. Tena ya kisiwani ina gharama ambazo mwenzake hazijui: saruji inayofika kwa mashua, mwalimu anayevuka maji kufuata mshahara, mgonjwa anayevukishwa kwenda hospitali.

Wilaya ya Nchelenge ina visiwa vya namna hiyo. Kimoja kinaitwa Kilwa, jina wasomaji wa pwani wanalolifahamu vizuri. Vingine ni Chisenga na Isokwe. Mtoto wa huko akichaguliwa kwenda sekondari ya bara, safari ya shule ni safari ya ziwa, na usalama wake huanza na swali ambalo hakuna kanuni ya vichwa inayoliuliza: mle mashuani kuna majaketi okozi mangapi?

Zambia yenyewe iliwahi kujaribu njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwepo ruzuku iliyopeleka kiasi kilekile kwa kila shule ya msingi, kubwa au ndogo. Kwa kanuni hiyo shule ndogo ya ufukweni ilipata fedha nyingi zaidi kwa kila mtoto kuliko shule kubwa ya Lusaka. Tena fedha ile ilikuwa na sifa nyingine nzuri, ambayo tutairudia huko mbele.

Mtoro, mvivu, mkorofi

Mwalimu yeyote wa darasa lililofurika anawajua watoto watatu: haji, analala, hasikii. Ufukweni mwa Mweru kila mmoja wao ana maelezo yake.

Anayekosa shule amekwisha kuelezwa. Anayelala huenda anaumwa. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi zaidi nchini Zambia, na watafiti waliopima damu za watu huko kwa miaka mingi wamekuta kwamba watoto wa umri wa shule ndio hasa wanaobeba vimelea, mara nyingi bila homa kali ya kuwalaza kitandani. Mtoto wa namna hiyo anatembea, anacheza, anakuja darasani, ila damu imepungua na kichwa kizito. Mwalimu anaona uvivu.

Na yule asiyesikia? Mnamo 2017 vita vya kusini-mashariki mwa Kongo viliwasukuma maelfu ya watu kuvuka kuingia wilaya za Chiengi na Nchelenge. Walipokelewa kwanza katika kituo cha Kenani, na mapema 2018 wakaanza kuhamishiwa makazi mapya ya Mantapala, humohumo Nchelenge, ambako watoto wao wanasoma pamoja na watoto wa wenyeji. Wengi wa wageni hao walikuwa wamezoea Kiswahili nyumbani na Kifaransa katika madarasa yao. Nchelenge walikuta madarasa ya chini yakifundishwa kwa Kibemba na ya juu kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa tatu katika darasa lake upande wa pili wa ziwa anakaa nyuma kimya, au anafanya fujo ili asionekane mjinga. Wote wawili, mkimya na mwenye fujo, wanahitaji mtu wa kuwafundisha lugha, na mtu huyo naye ni fungu la bajeti.

Pale ambapo mtu hayupo, kinabaki kiboko. Sheria ya Elimu ya Zambia ya 2011 ilikipiga marufuku shuleni, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikakipiga marufuku hata nyumbani. Kenya ilikiondoa shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inakiruhusu kwa masharti, kisizidi viboko vinne. Lakini hata palipo na marufuku, mwalimu aliye peke yake mbele ya watoto 80 au 90 hushawishika, kwa kuwa kiboko hukatwa mtini na mshauri nasaha hudai mshahara.

Geto la wanafunzi

Wasomaji wa Tanzania wanalijua neno geto: chumba cha kupanga anachoishi kijana bila mzazi. Vijijini Zambia jambo hilo lina sura yake. Sekondari iko mbali na hakuna bweni, au bweni limejaa. Mzazi anampangia mtoto chumba, au anajenga kibanda cha nyasi karibu na shule. Jumatatu asubuhi mtoto anakuja na unga wa mihogo na mboga kavu. Ijumaa anarudi nyumbani kuchukua vingine. Siku za katikati anajipikia, anajilaza na anajilinda mwenyewe.

Kwenye karatasi mtoto huyu ni wa kutwa, kwa hiyo hana bweni la kukaguliwa. Shule inasema saa zake za kazi zimekwisha. Mzazi yuko mbali. Kwa msichana wa miaka 15, mlango usio na komeo na mfuko wa unga ulioisha Jumatano ni hatari mbili zinazofuatana, maana yupo siku zote mtu mzima aliye tayari “kusaidia” chakula kwa malipo yasiyosemwa.

Zambia ina sera ya tangu 1997 inayomruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Tanzania ilifungua mlango huo Novemba 2021. Mwaka 2023 Zambia ikafanya miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuoa na kuolewa, hata kwa ndoa za kimila. Sheria hizo ni muhimu, lakini zote humkuta msichana madhara yakiwa yameshatokea au yakiwa mlangoni. Kabla ya hapo kinachohitajika ni mama mmoja wa kuaminika anayelala kwenye nyumba moja na wasichana 12, badala ya wasichana 12 kutawanyika katika vibanda 6.

Mlango wa pili

Ufukwe wa Mweru unaomba mabweni, na mfuko wa jimbo unaweza kuyajenga. Kabla ya kufanya hivyo, inafaa kutazama mashariki, kwa majirani waliotangulia.

Tarehe 18 Juni 1994, moto uliua wasichana 42 bwenini katika sekondari ya Shauritanga, Rombo, mkoani Kilimanjaro. Machi 1998 zaidi ya wasichana 20 waliteketea Bombolulu, Kwale, pwani ya Kenya. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Septemba 2020 watoto 10 walikufa katika shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera. Septemba 2024 watoto 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, kwenye bweni lililolaza wavulana zaidi ya 150.

Chanzo cha moto hakikuwa kimoja. Kyanguli kulikuwa na petroli na hasira za wanafunzi. Kwingine ilikuwa ajali. Bombolulu na Kyanguli, hata hivyo, zilifanana kwa mlango uliofungwa na madirisha yenye nondo. Kenya iliyaandika mafunzo hayo katika mwongozo wake wa usalama wa shule wa 2008: vitanda viachane kwa mita 1.2, bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo. Mwongozo ulikuwepo miaka 16 kabla ya Endarasha.

Kwa nini basi milango hufungwa? Mwalimu mkuu wa shule ya bweni atajibu bila kusita: ili wanafunzi wasitoroke usiku, na ili wezi na wahuni wasiingie. Hofu hizo mbili ni za kweli. Lakini dawa yake ni mtu, mlezi ndani na mlinzi nje, na mtu hana fungu. Kufuli linanunuliwa mara moja, halidai mshahara mwisho wa mwezi. Ndivyo suala la nidhamu linavyogeuka kuwa suala la fedha, na hatimaye kuwa suala la uhai.

Habari njema ni kwamba bweni ambalo bado halijajengwa ni rahisi kulirekebisha. Mlango wa kufungukia nje ni mbao zilezile na bawaba zilezile za ule wa kufungukia ndani. Uamuzi unafanywa na fundi siku ya kupachika fremu.

Kwa ufupi: Kiboko na kufuli huonekana nafuu kwa sababu mtu wa kumwangalia mtoto hayumo kwenye bajeti. Panapokosekana mlezi, mshauri na mlinzi, vitu hivyo viwili hushika nafasi zao.

Fedha inayofika na isiyofika

Msomaji anaweza kusema: fungu likiwekwa, si litaliwa njiani? Wasiwasi huo una historia.

Nchini Uganda wachunguzi walifuatilia ruzuku ya shule za msingi ya miaka ya 1991 hadi 1995. Waligundua kwamba katika kila shilingi 100 zilizotoka hazina kwa ajili hiyo, shule zilipokea kwa wastani 13 tu. Nyingine zilitumiwa au kupotea wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na ikaagiza kila shule ibandike ukutani kiasi ilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Wataalamu wamebishana ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na magazeti na kiasi gani na mabadiliko mengine ya wakati ule, lakini kwamba fedha ilianza kufika si jambo la ubishi.

Zambia ina ushahidi wake, na hapa inarudi ile ruzuku ya kiasi sawa kwa kila shule. Uchunguzi wa 2002 ulikuta kwamba ilizifikia zaidi ya shule 9 katika kila 10. Fedha nyingine, ambazo maofisa wa ngazi za kati waliachiwa kuamua wampe nani, zilifika kwa chini ya robo ya shule. Nchi ilikuwa moja na maofisa walewale. Tofauti ilikuwa kanuni: kama kila shule inajua haki yake ni kiasi gani, asiyepata anajua amepunjwa, na anajua aulize kiasi gani.

Uchunguzi huo ulibaini jambo jingine, la kuwahusu wazazi. Walipojua kwamba ruzuku inakuja, wengi walipunguza matumizi yao wenyewe kwa masomo ya mtoto, kwa hiyo matokeo ya mitihani hayakupanda. Ruzuku iliyokuja bila kutarajiwa ndiyo iliyoyapandisha. Huwezi kuwalaumu, mwenye hela kidogo hatumii mara mbili. Ila jambo hilo linaonyesha kwa nini “bure” haiwezi kuwa mwisho wa mazungumzo kati ya mzazi na shule.

Maswali ya kwenda nayo mkutanoni

Mkutano ujao wa wazazi, uwe Kashikishi, Kigoma au Kwale, unaweza kuchukua nusu saa kwa maswali haya sita:

1. Mwaka huu shule imepokea ruzuku kiasi gani, lini, na imebandikwa wapi ili kila mtu aisome?
2. Bweni lina milango mingapi, inafunguka upande gani, na funguo za usiku anakaa nazo nani?
3. Wanafunzi wangapi wanaishi magetoni bila mtu mzima, na ni wasichana wangapi?
4. Mtoto akikosekana siku tatu, nani anakwenda kwao kuuliza?
5. Wanaosafiri kwa mashua wana majaketi okozi?
6. Mtoto akiumizwa na mwalimu au mwanafunzi mwenzake, amwambie nani?

Maswali matano ya kwanza yanaweza kujibiwa na mwalimu mkuu mwenye daftari na kalamu. La sita lina jibu pia nje ya geti la shule. Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda zina namba ileile ya simu ya kusaidia watoto, na kuipiga hakulipiwi. Mwandikie mtoto nyuma ya daftari lake: 116.